Kushika na Kulinda: Tunayoweza Kujifunza kwa Wayahudi

Ibada zetu za Jumapili humalizika kwa baraka ya Haruni, ile iliyoandikwa katika Hesabu 6:24-26. Watu husimama, mchungaji huinua mikono, na hata mama aliyekuwa akitafuta kiatu cha mtoto chini ya benchi huacha kidogo. Mstari wa kwanza wa baraka hiyo unataja mambo mawili: kubarikiwa na kulindwa. La kwanza tunalijua sana, maana kila mtu anatafuta kubarikiwa. Katika insha hii nataka tukae na lile la pili.

Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni shamar. Tulipofundishwa lugha hiyo chuoni lilikuwa miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa, kwa sababu Agano la Kale limejaa hilo neno. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hawezi kuliona kwa urahisi, kwa kuwa watafsiri wetu walilazimika kulivalisha nguo tofauti kila mahali. Katika Mwanzo 2:15, Adamu anapopewa bustani ailime na kuitunza, huko kutunza ni shamar. Katika Mwanzo 4:9, Kaini anapouliza kama yeye ni mlinzi wa nduguye, mlinzi huyo anatokana na shamar. Ibrahimu anapoambiwa alishike agano, ni shamar. Zaburi ya 121, ambayo wengi wetu tumeisoma kando ya kitanda cha mgonjwa, ina mistari minane tu, lakini neno hilo limo mara sita.

Kwetu basi kutunza shamba ni jambo moja, kulinda duka ni jambo jingine, na kushika amri ni jambo la tatu kabisa, la kanisani. Kwa Myahudi anayesoma Torati kwa lugha yake, yote matatu ni kitendo kimoja. Anayeshika amri anafanya kile kile anachofanya mlinzi usiku: anakaa macho karibu na kitu ambacho si chake, ili mwenyewe akirudi akikute.

Sisi Walutheri tuna tatizo hapa, na ni vizuri kulisema. Tumelelewa kwenye fundisho la kuhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, na fundisho hilo ni uhai wetu, siliachi. Lakini tumezoea kulihubiri kwa kumtumia Myahudi kama kivuli. Upande mmoja yupo Mkristo mwenye neema, upande mwingine yupo Farisayo mwenye sheria, amekunja uso, anahesabu makosa. Mahubiri ya namna hiyo ni mepesi kuandaa hata Jumamosi usiku. Mizizi yake, kwa bahati mbaya, inafika hadi kwa Luther mwenyewe, ambaye mwaka 1543 aliandika kitabu cha matusi mazito dhidi ya Wayahudi, akashauri hata masinagogi yao yachomwe moto. Karne nne baadaye watu wa utawala wa Hitler walikitumia kitabu hicho. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilitamka wazi kwamba linayakataa maneno hayo ya Luther. Tunaweza kumheshimu mwalimu wetu na bado kukataa sumu yake. (Na ieleweke kwamba ninaposema Wayahudi nazungumzia watu na imani yao, si serikali ya nchi yoyote.)

Je, ni kweli kwamba kwa Wayahudi kushika sheria ni kununua wokovu? Tazama wanavyozihesabu Amri Kumi. Katika Katekisimo Ndogo mtoto wa kipaimara anaanza na katazo la kuwa na miungu mingine. Katika hesabu ya Wayahudi, neno la kwanza kati ya yale kumi ni Kutoka 20:2 peke yake: Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Misri, katika nyumba ya utumwa. Hapo hakuna agizo, kuna habari tu, tena habari njema. Bahari imekwisha kuvukwa, Farao yuko nyuma, ndipo amri zinaanza. Katika kumfupishia mtoto kazi ya kukariri, Luther aliiacha ile habari ya Misri, na nadhani tulipoteza kitu. Mtu aliyekwisha okolewa halindi ili aokolewe. Analinda kwa sababu amekabidhiwa.

Kukabidhiwa, hilo ndilo jambo lenyewe. Sheria ya Kiyahudi imelichunguza kwa makini ya ajabu, na haikuanzia mambo ya mbinguni. Ilianzia mali ya jirani. Fungua Kutoka 22:7-15. Mtu amempa mwenzake fedha au vyombo amwekee, vikaibiwa. Mtu amemkabidhi mwenzake punda au ng'ombe, akafa au akavunjika mguu. Mtu ameazima mnyama. Mtu amekodi. Marabi walioyakusanya mafundisho ya Mishna, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, walisoma vifungu hivyo wakaona ndani yake walinzi wa aina nne. Kwa mtu wa Singida hawa si wageni.

Wa kwanza anatunza bure. Jirani anasafiri kwenda Dodoma, anakuachia begi. Likiibiwa bila uzembe wako, unaapa kwamba hukuzembea wala hukuligusa, na umeachiliwa. Wa pili analipwa, kama kijana anayechunga ng'ombe za watu kwa ujira. Huyu ng'ombe akiibiwa au akipotea analipa; akiuawa na simba analeta mabaki kuwa ushahidi, halipi. Anayekodi, kwa mfano mkokoteni, walimweka pamoja na mlinzi wa kulipwa. Mzito kuliko wote ni yule aliyeazima. Umekwenda kwa rafiki yako msimu wa kulima, umeazima maksai bure, faida yote ni yako. Maksai akifa, hata kwa ajali isiyo na mkosaji, unalipa. Kuna nafuu mbili tu: kama amekufa kwa kazi ile ile uliyomwazimia, au kama mwenyewe alikuwapo pamoja nawe kazini.

Kanuni inaonekana mara moja: kadiri faida inavyokuwa yako, ndivyo wajibu unavyozidi. Anayetunza kwa ajili ya mwenzake anahukumiwa kwa upole, na anayetumia cha mwenzake anahukumiwa kwa ukali. Katika makabila yetu ya wafugaji, mtu aliyewekewa ng'ombe na rafiki yake anajua kwamba maziwa ni yake, lakini ngozi ya aliyekufa lazima ionyeshwe kwa mwenye mali. Wazee wetu hawakusoma Mishna, lakini wangekaa na wale marabi kwenye baraza moja na wangeelewana kabla ya jua kuzama.

Sasa jiulize, mbele za Mungu sisi ni walinzi wa aina gani? Pumzi nimeazima. Watoto nimeazima. Neno la Injili nililopewa nihubiri silitunzi kama begi la jirani, maana faida yake ninaila kila siku. Kwa sheria ile ya Kutoka mimi ni mwazimaji, yule mwenye mzigo mzito kuliko wote. Nafuu yangu ni ile ya pili: Mwenyewe yupo pamoja nami kazini. Paulo, aliyesomea Torati Yerusalemu miguuni pa Gamalieli, anamwandikia Timotheo katika waraka wa pili, sura ya kwanza, kwamba ailinde amana aliyokabidhiwa, na papo hapo anamtaja Roho Mtakatifu akaaye ndani yetu. Mtu asiyejua sheria ya walinzi husoma mstari huo kama wosia wa kawaida. Mimi kila nikiusoma namwona yule maksai na mwenyewe akitembea kando ya plau.

Mlinzi mwenye busara hangoji mwizi afike mlangoni, hujenga uzio mbele. Mishna, katika maneno ya kwanza kabisa ya sehemu iitwayo Avot, inawaagiza wafuasi waiwekee Torati uzio. Ndiyo maana Sabato ya Kiyahudi haianzi jua linapozama. Mama wa nyumba huwasha mishumaa mapema, kwa desturi iliyoenea dakika 18 kabla, asije akajikuta anawasha moto ndani ya siku takatifu. Kwa kawaida huwasha miwili. Wanaeleza kwamba mmoja ni kwa ajili ya neno la Kutoka 20:8, linaloagiza kuikumbuka siku, na wa pili ni kwa ajili ya neno la Kumbukumbu la Torati 5:12, linaloagiza kuilinda.

Tunapenda kuucheka uzio huo. Lakini akina mama wa VICOBA hawaucheki. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa nne. Hakuna anayesema kwamba mweka hazina ni mwizi. Wanasema fedha hizi ni za wajane na za ada za shule, kwa hiyo tusimwachie mtu mmoja jaribu kubwa kiasi hicho. Kila penye kitu cha thamani, watu wenye akili huweka uzio. Tunapocheka uzio wa Sabato huenda tunaonyesha tu kwamba kwetu ndani ya boma hilo hamna kitu cha kuibiwa.

Kazi zinazokatazwa siku hiyo Mishna inazihesabu kuwa 39, au kama isemavyo yenyewe, arobaini kasoro moja. Orodha inaanzia shambani: kupanda, kulima, kuvuna, kufunga miganda, kupura, kupepeta, kusaga, kukanda, kuoka. Kisha nguo, kuanzia kukata manyoya ya kondoo. Kisha ngozi, kujenga, kuwasha na kuzima moto, mpaka kubeba kitu kutoka eneo moja hadi jingine. Anayelima alizeti au vitunguu hapa kwetu anaweza kuisoma na kuona wiki yake nzima humo. Jioni ya Ijumaa vyote hivyo vinasimama mpaka nyota tatu zionekane angani Jumamosi. Kwa siku moja mtu haibadilishi dunia. Anaiacha mikononi mwa mwenyewe.

Lakini uzio una lango. Katika 1 Makabayo sura ya pili tunasoma juu ya Wayahudi waliokataa kupigana siku ya Sabato wakauawa pamoja na wake zao na watoto. Matathia na wenzake walipopata habari waliomboleza, wakaamua kwamba wakishambuliwa siku hiyo watajitetea. Baadaye marabi walifundisha kwamba uhai wa mtu ukiwa hatarini Sabato inawekwa kando, na kwamba afadhali kuivunja Sabato moja kwa ajili ya mtu ili apate kushika Sabato nyingi. Nesi wa Kiyahudi anafanya kazi usiku wa Sabato bila dhamiri kumsuta. Kwa hiyo Bwana Yesu alipowajibu Mafarisayo katika Marko 2:27 kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu, alikuwa ndani ya mjadala wa Kiyahudi wenye walimu waliofikiri karibu sawa naye. Hakuwa anarusha mawe kutoka nje ya boma.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na washarika hapa mjini ni hili: Mchungaji, nikifungua duka Jumapili ni dhambi? Wanaouliza wana madeni, wana ada za watoto, na jirani yao wa ibada nyingine anafungua. Walutheri tuna jibu la haraka. Katika Katekisimo Kubwa Luther anasema hakuna siku iliyo bora kuliko nyingine, na kwamba pumziko la nje liliwekwa kwa ajili ya mahitaji ya mwili, hasa ya watumishi na wafanyakazi, na ili watu wapate nafasi ya kulisikia Neno. Kwa hiyo hatubishani na ndugu zetu Wasabato juu ya Jumamosi, wala hatuhesabu hatua za mtu Jumapili. Tuko huru.

Huru, ndiyo. Lakini soma tena Kumbukumbu la Torati 5:14-15, pale penye neno shamar. Sababu inayotolewa pale ni kwamba mtumwa wako na mjakazi wako wapate kupumzika kama wewe. Nawe ukumbuke kwamba ulikuwa mtumwa Misri. Orodha inamtaja ng'ombe, inamtaja punda, inamtaja mgeni aliye malangoni. Sasa mwenye duka yuko kanisani, kiti cha tatu kutoka mbele, ameshika kitabu cha nyimbo. Dukani yupo nani? Yupo binti aliyeletwa kutoka kijijini, na anayeuza tangu Jumatatu. Nyumbani yupo dada wa kazi anayepika chakula ambacho familia itakikuta ikitoka kwenye ibada. Mwenye duka hajavunja chochote, kwa maana yeye mwenyewe amepumzika na amesikia Neno. Binti hajapumzika na hajasikia. Uhuru wa Luther umetumika kumfungia huyu binti nje ya jambo lile lile ambalo Luther alilitetea.

Kwa hiyo siku hizi anayeniuliza kuhusu duka namuuliza kwanza juu ya binti. Anapumzika lini? Anasali wapi? Kama ni Mwislamu, anapata nafasi ya swala ya Ijumaa? Wengine wanakasirika. Mmoja aliniambia kwamba amekuja kuuliza juu ya dhambi yake, si juu ya ratiba ya wafanyakazi. Lakini Kaini naye aliona maswali hayo mawili hayahusiani.

Kuna watu wa Afrika Mashariki wanaotufundisha gharama ya kulinda kuliko kitabu chochote. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo Wayahudi waitwao Abayudaya. Historia yao inaanzia kwa Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda, Mprotestanti, aliyewasaidia Waingereza kuitawala mashariki ya Uganda na kisha akakosana nao. Hakuwa mtu mpole, na waliotawaliwa naye walikuwa na yao ya kusema. Lakini alisoma Biblia mwenyewe, kwa bidii, na akaanza kuuliza kwa nini tohara na Sabato zinazoamriwa pale hazishikwi na wanaohubiri. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe. Walipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba basi kuanzia siku hiyo wao ni Wayahudi. Hapo mwanzo walichanganya mengi. Baadaye mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa Yosef alikaa nao na kuwafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za vyakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Walibaki wakulima wasio na rabi, wakilinda kile walichokuwa nacho.

Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, ibada zao baadaye zilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waligeukia Ukristo au Uislamu. Wenyewe husimulia kwamba kutoka watu wapatao 3,000 walibaki kama 300. Hao waliobaki walisali kwa siri. Halafu Amin aliivamia Kagera, na yaliyofuata Watanzania tunayajua. Wapo wazee katika sharika zetu waliotembea kwa miguu kutoka Mutukula kwenda mbele. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ilikuwa usiku wa Pasaka.

Usiku huo una jina katika Kutoka 12:42, linalotokana na shamar: usiku wa kulinda, au wa kukesha. Mstari huo unasema Mungu alikesha, na kwa hiyo Israeli nao wakeshe. Sijui kama askari mmoja wa Kitanzania alijua kwamba huko Mbale kulikuwa na watu waliokuwa wakiisubiri sikukuu hiyo gizani. Gershom Sizomu, mmoja wa watoto wa jamii hiyo, alikuja kuwekewa mikono kuwa rabi mwaka 2008 baada ya masomo Los Angeles, na mwaka 2016 wananchi wengi wao wakiwa si Wayahudi walimchagua kuwa mbunge.

Nayasema haya si kwa lengo la kuwaalika washarika wafuate Sabato ya Jumamosi au waache kitimoto. Mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15 ulikwisha tutua mzigo huo. Tena lipo jambo linalonikera. Siku hizi katika miji yetu yapo mahema ya injili ambamo hupulizwa baragumu la pembe, mhubiri amejitanda shali ya maombi ya Kiyahudi, na watu wanaambiwa kwamba vitu hivyo vinafungua milango ya biashara. Wamechukua pembe na kuacha Sabato. Wamechukua shali na kuacha wiki nzima ya uaminifu mdogo mdogo ambayo shali ile inaikumbusha. Myahudi akipita pale atashangaa, na atakuwa na haki.

Afadhali tuazime kitu kingine, kisicho na kelele. Kwa Wayahudi maiti haiachwi peke yake kati ya kufa na kuzikwa. Mtu hukaa nayo usiku kucha, akisoma zaburi, naye anaitwa shomer, mlinzi. Marehemu hawezi kumshukuru wala kumlipa. Sisi pia tunalala msibani. Mikeka hutandikwa uani, kahawa na chai huzunguka, watu wanatoka Mwenge na Kibaoni baada ya kazi. Ila nimeona misiba ya watu wasio na ndugu mjini, wapangaji, vibarua, ambako kufikia saa nne usiku mikeka iko mitupu.

Talmudi ina fundisho juu ya mlinzi huyo, katika sehemu iitwayo Berakhot. Inasema anayelinda maiti, hata kama si ya ndugu yake, amesamehewa kusoma Shema, lile ungamo la imani ambalo Myahudi hulisoma asubuhi na jioni, kwa sababu yuko kazini tayari. Na kama walinzi ni wawili, mmoja alinde na mwenzake asali, kisha wabadilishane.